Tule wapi Fukuoka, Hiroshima, Takamatsu na Kanazawa?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Novemba nitakwenda Japani kikazi na mwenzangu wa ofisini: Fukuoka, Hiroshima, Takamatsu, kisha Kanazawa, siku mbili mbili kila mji. Mimi ni Mwislamu, sili nguruwe wala sinywi pombe. Mwenzangu hula chochote, na jioni hapendi kukosa bia yake. Hatujui Kijapani hata neno. Tule wapi na tunywe wapi bila posho kuishia njiani? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba. Miji hiyo minne ina chakula kizuri, na mfuko wa posho utapumua humo kuliko Tokyo. Kinachowaponza wageni huko ni saa. Tokyo ukichelewa hukosi pa kuingia. Takamatsu ukishuka treni saa nane mchana na njaa yako, muuza udon, tambi nene za ngano, ameshaosha masufuria na kwenda zake. Kwa hiyo tuanze na saa na siku. Majina ya vyakula yatafuata.

Saa, siku na mlango

Migahawa ya mchana hufungua saa tano au saa tano na nusu, hufunga saa nane, na oda ya mwisho hupokelewa nusu saa kabla. Kisha jiko linapumzika mpaka saa kumi na moja au kumi na moja na nusu jioni. Usiku, ukiacha mitaa ya baa, oda ya mwisho ni kama saa tatu na nusu na saa nne watu wanafagia. Mlangoni saa huandikwa kwa mtindo wa saa 24, kwa hiyo 14:00 ni saa nane yetu ya mchana. Msishangae kuona 25:00 au 26:00. Hizo ni saa saba na saa nane za usiku huohuo. Mwenye duka anaihesabu siku yake hadi atakapofunga. Herufi L.O. zikifuatwa na saa ni oda ya mwisho, na hiyo ndiyo saa ya kuizingatia kuliko ile ya kufunga.

Hifadhini maandishi manne kwenye simu. 営業中 ni wazi. 準備中 ni bado wanaandaa, hata kama mlango unafunguka na mnamwona mtu ndani akikata vitunguu, msiingie. 定休日 ni siku ya mapumziko ya kila wiki. 売切 ni kimekwisha. Kuna pia pazia fupi la kitambaa, noren: likining'inia nje, duka liko wazi, likiingizwa ndani, limefungwa. Ramani ya kwenye simu ikisema wazi na pazia halipo, aminini pazia.

Siku ya mapumziko kila duka hujichagulia, na nyingi huangukia Jumapili, Jumatatu au Jumatano. Siku hiyo ikigongana na sikukuu ya taifa, mara nyingi duka hufunguliwa na kupumzika kesho yake. Novemba ina sikukuu mbili, tarehe 3 na tarehe 23, basi angalieni ratiba yenu kabla ya kupanga. Kwa kila mlo wekeni alama mahali pawili penye siku tofauti za kufunga. Hilo tu litawaepusha na nusu ya chakula cha jioni cha sandwichi hotelini.

Jambo jingine ambalo hulijui mpaka umeshalipia chumba: kitovu cha kula mara nyingi hakiko stesheni. Kanazawa ni Katamachi, zaidi ya kilomita mbili kutoka treni inapowashusha. Hiroshima ni Hatchobori na Nagarekawa, safari fupi ya tramu. Takamatsu ni mitaa yenye paa inayoelekea Kawaramachi. Fukuoka ni Tenjin, Daimyo na Nakasu, ingawa jirani na Hakata, stesheni kuu ya mji, nako si haba. Hoteli ya stesheni ni nzuri kwa masanduku, si kwa tumbo.

Posho itakavyotosha

Mlo mkubwa uwe wa mchana. Baa za chakula, izakaya, ambazo usiku mtu hutoka ametumia yeni 4,000 au 5,000, nyingi huuza mchana sahani kamili iitwayo teishoku (wali, miso yaani supu ya soya iliyochachushwa, samaki au nyama, achari) kwa yeni 900 hadi 1,300, kutoka jiko lilelile. Asubuhi, mikahawa ya kizamani hutoa kahawa, mkate wa kuchoma na yai kwa takriban yeni 500 hadi 700. Usiku wa kubana matumizi, nendeni chini ya duka kubwa la ghorofa, sehemu ya chakula: kuanzia kama saa moja usiku hubandika stika za punguzo kwenye sushi na samaki wa kuchoma, na stika yenye 半額 ni nusu bei.

Bei ya menyu inaweza kuonyeshwa mara mbili; kubwa ndiyo yenye kodi, asilimia 10 ukila pale, 8 ukibeba. Bakshishi hakuna kabisa, na ukiiacha mezani mhudumu atakukimbiza barabarani kukurudishia. Bili hulipwa kwenye kaunta ya mlangoni. Kumwita mhudumu, pazeni sauti: "Sumimasen!" Si utovu wa adabu, ukikaa kimya ukisubiri macho yenu yakutane, utasubiri sana.

Bebeni fedha taslimu. Maduka madogo, hasa ya tambi, bado mengi hayapokei kadi. Kadi za Visa na Mastercard hutoa fedha kwenye mashine za Seven-Eleven na za posta.

Halafu kuna mashine ya tiketi, inayowafedhehesha wageni kuliko kitu kingine. Imesimama mlangoni na vitufe hamsini vya Kijapani, na nyuma yenu watu wanne wamepanga foleni. Kwenye zile za zamani fedha huingia kwanza, ndipo vitufe viwake. Ingizeni noti ya yeni 1,000. Nyingi hazimezi 5,000 wala 10,000, na baadhi hazijabadilishwa tangu noti mpya zilipotoka tarehe 3 Julai 2024, kwa hiyo zinazitema. Wekeni akiba ya noti za zamani za 1,000 na sarafu za 100. Kitufe cha juu kushoto kwa kawaida ndicho chakula kikuu cha duka. Bonyezeni, tiketi inaanguka, vuteni mkono wa chenji, mpeni mhudumu tiketi. Mkishindwa kusoma, simameni pembeni, piga picha mashine nzima, tafsirini kwa simu, ndipo mrudi kwenye foleni.

Nguruwe na pombe jikoni

Hapa uamue mwenyewe kwanza unasimama wapi, maana majibu ni matatu. Kama unaepuka nyama ya nguruwe tu, Japani ya mikoani inakufaa bila shida kubwa. Kama nyama yoyote lazima iwe ya kuchinjwa kisheria, hesabu kuku na ng'ombe kuwa haviko, ule samaki, mayai, tofu na mboga; utakula vizuri mno, hasa Kanazawa. Kama unaepuka pia pombe inayotiwa katika mapishi, njia inakuwa nyembamba, kwa sababu mirin, pombe tamu ya mapishi, na sake, pombe ya mchele, vimo karibu katika kila kitu kilichochemshwa au kupakwa mchuzi mtamu wa kung'aa.

Kinachobaki salama zaidi ni samaki wa kuchoma kwa chumvi (shioyaki), sashimi (vipande vya samaki mbichi), tempura (vitu vilivyokaangwa kwa unga) unayoichovya kwenye chumvi badala ya mchuzi, wali mweupe, tofu baridi. Hata hapo kuna wapishi wanaomnyunyizia samaki sake kabla ya kumchoma, kwa hiyo uliza. Sosi ya soya nayo huzalisha kilevi kidogo inapochachuka, na chapa nyingi huongezewa alkoholi ya kuihifadhi. Kwenye chupa utaona アルコール. Nguruwe hujificha kwenye vitu usivyovidhania: saladi ya viazi huwekwa ham, yaani nyama ya nguruwe, mboga za kukaanga huja na nyama bila kutajwa, supu ya miso ikiitwa tonjiru ni ya nguruwe, na kari ya Kijapani mara nyingi ina mafuta ya mnyama ndani ya rojo lenyewe. Herufi ya kukariri ni moja: 豚. Nyingine ni ラード, mafuta ya nguruwe, na ゼラチン, jelatini.

Sentensi hii iweke kwenye simu na uionyeshe kabla hujaketi, si baada ya kuagiza: 豚肉、ラード、お酒は食べられません。魚と野菜は大丈夫です。 Inasema huli nyama ya nguruwe, mafuta yake wala pombe, samaki na mboga ni sawa. Ukitaka kukwepa nyama zote: 肉は食べません。魚介と野菜は食べます。 Mhudumu akivuta hewa kwa meno na kuinamisha kichwa, maana yake ni hapana. Mshukuru uondoke, usimshinikize aandae kitu nusunusu.

Fukuoka kuna msikiti mkubwa mtaa wa Hakozaki, uliofunguliwa 2009, na huko ndiko pa kuulizia migahawa ya halali ya wakati huo, kwa sababu hufunguliwa na kufungwa haraka. Katika miji yote minne mtakuta migahawa ya Wahindi, Wapakistani na Wanepali. Uliza nyama yao, wengi hununua ya halali.

Mkiingia izakaya

Mnaweza kwenda pamoja bila tatizo, mradi kila mtu aagize kinywaji. Ndiyo desturi, na chai inahesabika. Kabla hamjaagiza chochote kitaletwa kibakuli kidogo, otoshi. Hamkukiagiza lakini kitakuwemo kwenye bili, yeni 300 hadi 500 kwa kichwa. Si utapeli, ni kama ada ya kiti. Kikague chako, maana mpishi huweka alichonacho siku hiyo, na nguruwe si jambo la ajabu.

Sasa mtego wa kweli kwa asiyekunywa. Ūron-cha ni chai baridi ya oolong. Ūron-hai ni chai hiyohiyo iliyotiwa shochu, pombe kali. Rangi moja, bilauri moja, barafu ileile, na kelele za baa zinameza silabi ya mwisho. Sema "cha" kwa mkazo, au onyesha kidole kwenye menyu sehemu yenye ソフトドリンク. Mkiwa mezani mwenzako ameagiza ya pombe na wewe isiyo na pombe, nusa kabla ya kuonja. Baadhi ya maduka huweka kijiti cha kukorogea kwenye yenye pombe ili kuzitofautisha, lakini si yote. Ukitaka bia isiyo na kilevi, tafuta 0.00% kwenye kopo, kwa sababu sheria ya Japani huhesabu kileo kuanzia asilimia 1. Amazake, uji mtamu wa moto unaouzwa kwenye mahekalu na masoko, una aina mbili: wa kimea cha mchele hauna pombe, wa machicha ya sake unayo. Kwa macho huwezi kuujua upi ni upi.

Mwenzako akisema "nama" atapewa bia ya pipa. Sake hupimwa kwa gō, mililita 180, na nguvu yake ni kama asilimia 15 au 16, kwa hiyo gō mbili kwa mtu aliyezoea bia ni nyingi kuliko zinavyoonekana. Ofa ya kunywa bila kikomo, nomihōdai, huwa ya dakika 90 au 120 na hulazimu meza nzima kuilipia. Mmoja wenu hanywi, basi haina faida kwenu, iacheni. Ijumaa na Jumamosi maduka mengi huweka kikomo cha saa mbili kwa meza hata bila ofa.

Baa ya kuepuka ni ile isiyoandika bei nje. Nakasu, Nagarekawa na Katamachi kuna vijana wanaowavuta wapita njia kwa Kiingereza kizuri. Msiwafuate. Baa ndogo ziitwazo sunakku hazivunji sheria na zina uchangamfu wake, ila ada ya kuketi peke yake inaweza kufika yeni 3,000, na bila Kijapani mtakaa mkitabasamu tu. Na mkikodi baiskeli, jambo la kawaida Takamatsu, mwenzako asipande baada ya bia hata moja: tangu Novemba 2024 kuendesha baiskeli ukiwa umekunywa kuna adhabu kali zaidi ya jinai.

Fukuoka

Vibanda vya barabarani, yatai, ndivyo kila mtu atawatajia. Viko kama mia moja, Nakasu kando ya mto, Tenjin na Nagahama. Huvutwa na kusimikwa kila jioni, huanza kuuza kama saa kumi na mbili, na mvua ikichapa au upepo ukivuma havifunguliwi. Viti ni kama kumi, mabegani mnagusana, choo hakuna, na kanuni za mji haziruhusu kitu kibichi. Kila kitu kimepikwa. Maoni yangu: yatai si mahali pa kushiba. Sahani mbili, kinywaji kimoja, dakika arobaini, mpishe wanaosubiri. Chagueni chenye bei zilizobandikwa wazi. Kwako wewe, agiza kimanda cha kukunja chenye mentaiko (mayai ya samaki yenye pilipili) na chai, ukijua kwamba supu ya mifupa ya nguruwe inachemka nusu mita kutoka puani pako.

Supu hiyo ndiyo ya ramen, tambi za Hakata, na ni ya mwenzako, si yako. Atulize roho, aagize ugumu wa tambi: kata ni ngumu kiasi, barikata ni ngumu zaidi. Asiimalize supu. Tambi zikiisha husema "kaedama" na kuongezewa fungu jingine kwa yeni 100 hadi 200. Aliyekunywa supu yote hana pa kulitia.

Wewe nenda kwenye udon ya Hakata, ambayo watu wa mji huila mara nyingi na wageni huipita. Tambi zake ni laini sana, mchuzi ni wa mwani na samaki wakavu, na juu huwekwa gobo, mzizi mrefu wenye harufu ya udongo, uliokaangwa kwa unga. Jina lake goboten udon, yeni 500 hadi 700. Usichukue wali wa pembeni uitwao kashiwa kama huli kuku wa huko. Kingine ni gomasaba: vibua wabichi waliokatwa vipande, wakachanganywa na sosi ya soya na ufuta. Sosi yake mara nyingi huwa na mirin.

Mishikaki ya Fukuoka inahitaji onyo. Yakitori kwa jina ni ya kuku, lakini huko nyama ya tumbo la nguruwe ni mshikaki wa kawaida kabisa kwenye jiko lilelile, na mafuta yake hudondokea makaa yaleyale.

Hiroshima

Okonomiyaki ya Hiroshima haichanganywi, inapangwa. Kaeni kaunta muone. Mpishi anamwaga uji wa unga wa ngano na kuusambaza duara jembamba kama chapati ya maji, ananyunyiza unga wa samaki, anarundika kabichi kama konzi tatu, machipukizi ya choroko, kisha vipande vyembamba vya nguruwe. Anageuza kwa koleo mbili, na kabichi inaiva kwa mvuke wake yenyewe ikiwa imefunikwa. Pembeni anakaanga tambi, anazipandishia juu, anavunja yai, analitandaza, anageuza tena, anapaka sosi nzito tamu. Dakika 15 hadi 20, yeni 900 hadi 1,500. Huliwa papo hapo juu ya chuma kwa kikoleo kidogo, hera: unakata mraba mdogo kutoka ukingoni, vilivyobaki vinaendelea kupata moto. Anayeomba sahani hupewa, ila upande wa chini utalegea.

Ombi lako ni "butaniku nuki", bila nguruwe, uweke ngisi na kamba. Lakini sikufichi: chuma ni cha wote, wengine hukaanga tambi kwa ラード, na sosi ya kawaida mara nyingi ina dondoo la nyama. Kama hayo yanakukera, mpe mwenzako jioni yake Okonomimura, jengo lenye vibanda vya okonomiyaki kwenye ghorofa tatu karibu na Hatchobori, nawe kula kabla.

Kula nini? Hiroshima ndiyo inayoongoza Japani kwa kufuga chaza, na Novemba msimu unaanza. Kisiwani Miyajima huchomwa na ganda lake mbele yenu, limau juu, hakuna kingine. Mkinunua sokoni, 生食用 ni ya kula mbichi na 加熱用 lazima ipikwe. Tofauti ni ya maji yalikovuliwa na jinsi yalivyosafishwa, si ya upya, kwa hiyo 加熱用 iliyovuliwa leo asubuhi bado inaweza kuwaharisha ikiliwa mbichi. Kwa watu walio kazini, napendekeza iliyopikwa tu. Miyajima huanza kufunga saa kumi na moja jioni, nendeni mchana. Upande wa bara, Miyajimaguchi, kuna anago meshi, wali uliofunikwa mkunga wa baharini. Kipako chake kina mirin. Palipo na shirayaki, yule wa kuchomwa bila kipako, mchukue huyo kwa chumvi.

Mwenzako akitaka sake, apande treni ya kawaida hadi Saijō, dakika kama 35 hadi 40. Viwanda saba vya sake viko umbali wa kutembea kutoka stesheni, na vingi huonjesha mchana hadi saa kumi hivi.

Takamatsu

Huu ni mji wa udon, na udon ni ya asubuhi na mchana. Maduka mengine hufungua saa kumi na mbili au saa moja asubuhi, na mengi hufunga saa nane mchana au tambi zikiisha, lolote litangulie. Fikeni kabla ya saa tano na nusu. Foleni ya watu ishirini isiwatishe, hutembea. Mtu hutumia dakika kumi akaondoka.

Utaratibu wa duka la kujihudumia ni huu. Unachukua sinia, unataja ukubwa: shō ni donge moja la tambi, chū mawili, dai matatu. Shō inatosha, kwa sababu mnaweza kula duka la pili. Unapewa bakuli lenye tambi zilizopoa. Unazimimina kwenye kichujio chenye mpini, unazichovya kwenye maji yanayochemka sekunde 10 hadi 20, unakung'uta maji kwa nguvu. Hapa ndipo wageni huharibu: wasipokung'uta, maji yanaupoozesha mchuzi na kuupunguza ladha, kisha wanalaumu udon. Unachagua tempura kwa koleo, unalipa, halafu unafungulia mchuzi kutoka kwenye bomba. Mwisho unajiwekea majani ya kitunguu, tangawizi na makombo ya tempura. Shō ya kawaida, kake, ni kama yeni 300 hadi 450, na kila tempura 120 hadi 200. Bakuli unalirudisha mwenyewe dirishani.

Mchuzi wa huko ni wa iriko, ambao ni dagaa wakavu hasa, pamoja na mwani. Mtu wa Tanga atautambua kwa harufu kabla hajauonja. Msichanganye kake na bukkake: hiyo ya pili hunyunyiziwa mchuzi mzito kidogo tu, na mkijaza bakuli itakuwa chumvi tupu. Kamaage, inayotolewa moja kwa moja kwenye chungu, inaweza kungojwa dakika 10 hadi 15, lakini ndiyo inayoonyesha unga na mkono wa mpishi. Tempura salama kwako ni ya chikuwa (samaki aliyesagwa), ngisi, mboga na yai. Mafuta ni ya pamoja na kuku, na wakati mwingine na kroketi za nyama. Udon ya nyama na ya kari ziache.

Jioni mji hugeukia kuku: honetsukidori, paja zima lenye viungo na kitunguu saumu, chakula kilichotokea Marugame, jirani yake. Hina ni kuku mchanga na laini, oya ni mkubwa na mgumu wenye ladha zaidi. Mwenzako achukue oya kama meno yake ni imara. Wewe ingia izakaya yoyote ya samaki wa Bahari ya Ndani.

Siku ya kwenda Kanazawa ni ndefu: Takamatsu hadi Okayama, Shin-Osaka, Tsuruga, ndipo Kanazawa. Msitegemee kigari cha chakula njiani, na kubadilisha treni Tsuruga ni kama dakika nane. Nunueni chakula cha boksi Okayama au Shin-Osaka. Kwako, sushi au samaki wa kuchoma, na ugeuze boksi usome viambato.

Kanazawa

Soko la Ōmichō liko dakika 15 kwa miguu kutoka stesheni. Wauza samaki wengi hufunga Jumatano, na bakuli za wali na samaki wabichi huuzwa yeni 2,000 hadi 3,500 na kuendelea. Zile za njia kuu, zenye menyu ya picha kwa lugha nne na karatasi ya dhahabu juu ya samaki, mnalipia dhahabu. Ingieni vichochoro vya ndani au ghorofa ya juu. Binafsi ningepeleka fedha hiyo kwenye sushi ya mkanda unaozunguka: Kanazawa kiwango chake ni cha juu kweli, bei huonekana kwa rangi ya sahani, na mnaagiza kwa skrini yenye picha. Bomba jeusi lililoko mezani ni la maji yanayochemka ya kutengenezea chai ya unga. Msinawe hapo. Nodoguro, samaki mwekundu mwenye mafuta, ombeni aliyebabuliwa kidogo kwa moto, aburi, na kwa chumvi badala ya sosi.

Uvuvi wa kaa wa zuwai hufunguliwa tarehe 6 Novemba. Kabla ya hapo, zuwai mtakaoona mezani mara nyingi ni wa kugandishwa, au ni beni-zuwai, ndugu yake wa bei nafuu. Dume mwenye lebo ya bluu mguuni, kanō-gani, hupita yeni 20,000 kirahisi, na kwa posho hafai. Muulizeni jike, kōbako-gani. Ni mdogo, ameletwa amepangwa ndani ya gamba lake, mayai ya ndani mekundu chini na ya nje yakipasuka mdomoni, kwa sehemu ndogo ya bei ya dume. Huvuliwa hadi tarehe 29 Desemba tu.

Usiku nendeni kwenye oden ya Katamachi, vitu vilivyochemshwa taratibu kwenye mchuzi wa samaki na mwani: figili, yai, konokono wa baharini, gurudumu la unga wa ngano linalonyonya mchuzi kama sifongo. Uliza kwanza kama mishipa ya ng'ombe, gyūsuji, imo kwenye sufuria hiyohiyo na kama mchuzi una sake. Mara nyingi ndiyo. Ukipata isiyo navyo, agiza kanimen, gamba la kōbako lililojazwa nyama na mayai yake. Hutengenezwa machache kwa siku, kwa hiyo muwe mlangoni saa kumi na moja jioni pazia linapotundikwa, au asubuhi mwombeni mtu wa mapokezi hotelini awapigie simu kuweka nafasi, kwa sababu duka dogo huenda lisipokee oda kwa namba ya simu ya nje.